Umechoka na ule ukanda mweupe? Printa ya kununua, na ya kuiacha dukani

Vyeti 60. Kijani kilichokolea, kimejaa ukurasa mzima hadi ukingoni, na jina la mhitimu kwa rangi ya dhahabu katikati. Kwenye kompyuta vilipendeza hadi nikajipongeza. Nikavituma kwenye printa ya leza niliyoinunua wiki ile ile, na kila kimoja kikatoka kimezungushiwa weupe kama picha ya pasipoti. Nikapima kwa rula: milimita 4 na ushee, pande zote nne. Nilipomrudia muuzaji akaniambia, "Panga setingi vizuri, mama." Setingi gani? Mashine ile haiwezi, na yeye alijua, au kazi yake ilikuwa kujua.

Leza hutumia tona, yaani unga mkavu unaogandishwa kwenye karatasi kwa joto. Unga ukivuka ukingo wa karatasi hauna pa kwenda ila kwenye roli za ndani, kisha karatasi zinazofuata zinatoka na madoa. Ndiyo maana karibu leza zote za mezani, za bei kubwa na ndogo, huacha ukanda wa tahadhari. Anayekuuzia leza huku akikuahidi itachapa hadi ukingoni, mwambie akuchapie karatasi moja palepale.

Kasi, waya au bila waya, idadi ya nukta: hayo yameandikwa kwenye kila boksi, someni wenyewe. Mimi nataka tuzungumze kuhusu sponji.

Printa ya wino wa majimaji ikiambiwa ichape bila mpaka, draiva (programu ya kompyuta inayoiongoza printa) huikuza kazi yako kidogo ili ipitilize karatasi pande zote, halafu kichwa kinarusha wino hadi nje ya ukingo. Wino huo wa nje hunywewa na sponji zilizo ndani ya mashine. Ongeza na ule unaomwagwa kila unaposafisha kichwa. Printa huweka hesabu yake kimyakimya, na siku hesabu ikitimia inagoma: taa zinawaka, ujumbe unasema pedi za wino taka zimejaa, basi. Printa yangu ya pili ilinigomea hivyo matangi yakiwa yamejaa wino mpya. Sponji zake zilikuwa chini kabisa, hazitoki bila fundi, na fundi akanitajia gharama iliyonifanya nicheke kwa uchungu. Kuna mashine nyingine ambazo wino taka wa kusafishia kichwa huingia kwenye kisanduku unachokichomoa mwenyewe na kuweka kipya, kazi ya dakika 2. Tofauti hiyo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia, na ndiyo ninayopangia orodha hii.

Namba moja kwangu ni Epson ET-8550, ambayo kwenye masoko mengine huuzwa kama L8180. Sijifichi, naipenda. Kisanduku cha wino taka unabadilisha mwenyewe, rangi ni 6, na inachapa bila mpaka hadi A3+, yaani milimita 329 kwa 483. Na hapo ndipo utamu ulipo: A4 ni 210 kwa 297. Ukitanua rangi ya nyuma milimita 3 kila upande, ili zikatwe baadaye, inakuwa 216 kwa 303, na mbili za namna hiyo zinakaa ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja ya A3+, na nafasi ya alama za kukatia inabaki. Ukichapa hivyo wino hautoki nje ya karatasi, kwa hiyo hata sponji ya ndani huijazi kwa wino wa ukingoni. Asiyehitaji karatasi kubwa achukue mdogo wake, ET-8500, anayeishia A4. Ila wino wa rangi ukidondokewa na maji unachirizika, na mashine yenyewe inataka meza yake.

Ya pili ni Canon G3020. Rangi 4 tu, lakini inachapa A4 bila mpaka, na kikasha chake cha wino taka, MC-G02, unakichomoa kwa mkono wako. Kwa vipeperushi vya kawaida inatosha na kubaki.

Ya tatu ni leza hiyo hiyo uliyonayo, kama inapokea A3, pamoja na gilotini nzuri ya karatasi. Chapa A4 yako iliyotanuliwa katikati ya A3, weka alama za kukatia, kata. Matbaa hufanya hivyo hivyo. Karatasi yao ya SRA3, milimita 320 kwa 450, ipo kwa ajili hiyo. Ukingo unatoka msafi kuliko wa printa yoyote, na hakuna kilichokuzwa. Kinachouma ni karatasi inayotupwa.

Zile za bei ya chini? Nyingi hiyo "bila mpaka" yao inaishia kwenye picha ya sentimita 10 kwa 15. Pita.

Na hapa niseme, maana nimenyamaza sana: kwa nini "bila mpaka" iandikwe kwa herufi kubwa mbele ya boksi, halafu ukubwa wa karatasi ufichwe kwa herufi za mchwa nyuma?

Jingine kwa wanaopenda mistari ya urembo. Usiweke fremu nyembamba karibu na ukingo kisha ukachapa bila mpaka. Yangu ilikaa milimita 5 kutoka ukingoni kwenye kompyuta. Kwenye karatasi, kushoto zilibaki 2 na kulia 4. Kwenye draiva ya Epson na ya Canon kuna mahali pa kupunguza huko kukuzwa, lakini ukipunguza hadi mwisho, ule weupe unaweza kurudi, mwembamba kama uzi.

Vile vyeti 60 nilivikata kwa kisu na rula ya chuma, usiku, kimoja kimoja. Vikabaki kama milimita 201 kwa 288. Wenyewe walikuwa wameshanunua fremu za A4, zenye kadibodi nyeupe nyuma.