Cherehani naisifu, duka silisamehe

"Si ukalie tu kiti ya kawaida, mama."

Hilo ndilo jibu nililopewa kwa simu na duka moja la cherehani hapa katikati ya jiji, pesa zao zikiwa zimeshaingia kwa M-Pesa mpaka shilingi ya mwisho. Ni muda sasa, na kauli hiyo imekataa kunitoka kichwani. Jina la duka silitaji. Lakini kama una ulemavu na unawaza kununua mashine ya kushonea hapa Nairobi, soma haya kabla hujatoa hata deposit ya mia tano.

Mimi hushona blanketi za viraka. Mabaki ya vitenge nayapata kwa mafundi wa Eastleigh, ndani naweka blanketi kuukuu la mtumba kutoka Gikomba, chini leso au shiti nzito. Nilianza zamani kwa Butterfly ya kukanyaga. Kisha ikaja ajali ya matatu, na tangu hapo kutoka kiunoni kwenda chini sina nguvu wala sihisi kitu. Cherehani ya kukanyaga haikuwa na kazi tena kwangu, nikaiuza. Nikashona kwa mkono kwa muda mrefu, lakini blanketi la kitanda cha sita kwa sita kwa mkono ni kazi ya miezi, na mteja hangoji miezi. Ndipo nikaamua kununua ya umeme.

Duka liko ghorofani na lifti hakuna, kwa hivyo mambo yote tuliyamaliza kwa simu. Nilieleza polepole, tena nikarudia. Natumia kiti cha magurudumu. Meza iwe wazi upande wa mbele ili magoti yapite chini yake. Pedali iwe na waya mrefu, maana nitaibonyeza kwa kiwiko, si kwa mguu. Yule wa dukani kila nikimaliza jambo anajibu, "Sawa mama, hakuna shida." Nikauliza kama ameandika. Hakuna shida.

Meza ikaletwa. Ile miguu yake ya mbele imeunganishwa na chuma kilichokingama, kimepita usawa wa muundi. Nikisukuma kiti niingie, vikanyagio vya kiti vinagonga kile chuma, tang! Hapo hapo nimekwama, sindano iko mbali, na kuifikia lazima nilale kifua juu ya meza huku mikono imenyooka. Mtu anayetembea ataona ni jambo dogo. Lakini mimi mabega ndiyo miguu yangu. Ndiyo yanayosukuma kiti, ndiyo yanayonitoa kitandani na kunipeleka chooni. Nikiyamaliza kwa kushona, siku ya pili sitoki chumbani.

Nikapiga simu. Nikamweleza, bila hata kupandisha sauti, kwamba chuma kinanizuia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ile kauli yake. Kiti ya kawaida. Kana kwamba hiki changu nimekikalia kwa kupenda!

Sasa niseme kwa nini kauli hiyo imenikera hivi, maana nikiwaeleza watu wengi huniambia, "Lakini hakukutukana." Kiti cha kawaida hakina cha kunishika ubavuni. Misuli ya kiuno haifanyi kazi, kwa hivyo nikiinama kufuata kitambaa naanguka, labda nishike meza kwa mkono mmoja. Na nikishika meza kwa mkono mmoja, kitambaa nakiongoza na nini? Kisha kuna mto. Ninakalia mto maalumu kwa sababu makalio hayahisi, na mtu asiyehisi akikaa kwenye ubao au plastiki saa nzima bila kujiinua, nyama inakosa damu na kidonda kinaanza ndani kwa ndani. Kule hospitali ya uti wa mgongo, Hurlingham, hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa jambo lingine lolote: jiinue kwa mikono, mara kwa mara, hata kama uko kanisani. Nimeona watu waliorudishwa wodini kwa kidonda cha makalio, si kwa uti wa mgongo. Huyu mwuzaji alikuwa ananiambia nikakitafute kidonda hicho ili yeye asisumbuke na chuma cha meza yake.

Na si kukaa tu. Kazi ya viraka ina hatari zake kwa mtu asiyehisi, na hakuna duka litakalokuambia. Pini ikianguka mapajani husikii. Inateleza, inaingia kati ya paja na mto, unaikalia mchana kutwa. Mimi pini nimeziacha, nabana kwa vibanio vidogo vya plastiki, na sindano za mkono naziweka juu ya sumaku niliyotoa kwenye spika iliyokufa. Pasi nayo. Viraka vinataka kupigwa pasi kila baada ya mshono, na mazoea ya wengi ni kutandaza kitambaa mapajani kikiwa bado moto. Usijaribu. Ngozi itaungua na wewe unaendelea kuimba, mpaka uone lengelenge jioni ukivua nguo. Pia blanketi likishakuwa kubwa linaning'inia, linaingia kwenye magurudumu na kushika mafuta. Kwa hivyo siunganishi lote kwa pamoja siku hizi. Nashona kipande kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na tabaka zake zote, la juu, la katikati na la chini, ndipo navishikanisha mwishoni. Uzito unaobaki mezani unakuwa mdogo na mabega yanapumua.

Haya yote ningemweleza yule mtu kama angeuliza. Hakuuliza.

Nilipandisha sauti, naam. Nikamwambia asome Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachosema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na tena kwamba ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvishinda vikwazo vya ulemavu wake. Najua duka la cherehani si serikali. Lakini niliagiza, nikalipa, nikaambiwa hakuna shida. Hata bila Katiba, hiyo ni biashara ya aina gani?

Hapo ningesema duka zima ni bure, nimalize. Lakini nitakuwa sijatenda haki, kwa sababu baada ya siku kadhaa za simu wakamtuma fundi wao, na yule kijana amenichanganya hesabu zangu zote.

Aliingia, akasalimu, akaitazama meza, hakuniambia kitu kuhusu kiti. Akasema, "Mama, hebu kaa vile wewe hukaa ukishona, nione." Hilo tu. Nikakaa. Akachutama kando yangu na futi yake, akapima kutoka sakafuni hadi juu ya paja, mto ukiwa chini yangu, akapima mpaka ncha za vikanyagio. Akauliza mkono upi una nguvu zaidi. Kisha akaibeba ile meza mpaka kwa wachomeleaji wa jua kali Kariobangi, si mbali na kwangu Umoja, na jioni akairudisha. Chuma cha mbele kimekatwa na kuhamishiwa nyuma, miguu imeongezwa vipande vya paipu, sasa chini ya ubao kuna sentimita 70 wazi. Nikaingia mpaka tumbo likagusa meza. Sindano iko hapa, mbele ya macho yangu.

Pedali ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Pedali ya mguu ukiiweka mezani na kuibonyeza kwa kiwiko inakimbia, kila ukibonyeza inasogea mbele. Yeye alichukua kipande cha ubao, akakipigilia tyubu ya baiskeli upande wa chini ili kisiteleze, akaifunga pedali juu yake, kisha akailaza kidogo ili kiwiko kishuke bila bega kuinuka. Mikono yote miwili inabaki kwenye kitambaa. Siku ya kwanza mshono ulikuwa unaruka kwa kasi kisha unasimama, kiwiko hakina adabu ya mguu, lakini kinajifunza. Sasa naweza kugeuza kona ya kiraka bila kukata uzi.

Mashine yenyewe sina lawama. Mambo ya kasi na idadi ya mishono yako kwenye boksi. Inapita kwenye kitenge na blanketi bila kulalamika, na ile ya kuingiza uzi kwenye sindano kwa kushusha kidude kimoja imeniokolea macho. Blanketi la kwanza nililishona juu yake nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu ajali. Nilikuwa tayari kabisa kuwapa nyota nne, na hiyo ya tano nimpelekee kijana mwenyewe mkononi.

Halafu wakanitumia bili. Shilingi 2,500, "kazi ya ziada kwa ombi la mteja." Ombi! Meza niliyoagiza tangu mwanzo, kwa maneno yale yale, imekuwa ombi. Nilipopiga, ni sauti ile ile ya kiti ya kawaida iliyopokea, ikaniambia wateja wengine hawahitaji meza kukatwa, kwa hivyo mimi ndiye nigharamie tofauti. Yaani kwa maelezo yake, duka halikukosea. Aliyekosea ni mwili wangu.

Kwa hivyo nyota zile nne nimezirudisha. Nabaki na mbili, na zote mbili ni za mashine. Kijana hayumo humo, yeye ana hesabu yake, na nimesikia hata usafiri wa kwenda Kariobangi alijilipia. Kama duka lingekuwa na akili lingemtoa karakana na kumweka kwenye simu.

Ukilazimika kununua kwao, na huenda ukalazimika kwa sababu bei yao ni ya chini, usikubali "hakuna shida" ya mdomo. Pima mwenyewe kutoka sakafuni hadi juu ya paja ukiwa umekalia mto wako, ongeza nafasi ya kupumua, uwaandikie kwa ujumbe ili maandishi yabaki. Waombe picha ya meza kutoka mbele kabla hujalipa. Na umuulizie fundi, uzungumze naye yeye.

Bili sijalipa na sitalipa. Wakiona meza ni yao waje Umoja waichukue, ila waje wamebeba ile niliyoagiza siku ya kwanza.