Kula na kuvaa ndani ya Queen Mary 2: uchambuzi kwa wasafiri wa Lubumbashi

Mama zangu, baba zangu na ndugu zangu mnaonitazama kutoka Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko, karibuni. Leo ninachambua upande mmoja tu wa safari ya anasa ndani ya meli ya Queen Mary 2, nao ni upande wa meza: chakula kinachotolewa, mavazi yanayotakiwa jioni, na jinsi jiko la meli linavyomhudumia mtu ambaye mwili wake au imani yake inamkataza vyakula fulani. Nimeuchagua upande huu kwa sababu kazi yangu ni kupika karamu za harusi hapa mjini, na kwa sababu nilisafiri pamoja na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye hawezi kula ngano hata chembe. Hukumu yangu naitoa mapema: mlo wako ndani ya meli hii unaamuliwa siku unapojaza fomu ya kuhifadhi nafasi, na anayelifahamu hilo kabla ya kulipa atakula kwa raha kuliko katika hoteli nyingi za nchi kavu.

Meli yenyewe ni ya kampuni ya Cunard, ilijengwa Saint-Nazaire nchini Ufaransa, ikaanza kubeba abiria mwaka 2004, na urefu wake ni mita 345. Safari yake mashuhuri ni ile ya kuvuka Atlantiki baina ya Southampton na New York, ambayo kwa kawaida huchukua usiku 7 bila kutia nanga popote njiani. Naomba mkumbuke kwamba haitii nanga njiani, maana sheria nyingi za jikoni nitakazozitaja zinatokana na hapo.

Jambo la kwanza linalowashangaza watu wa kwetu ni kwamba chumba ulicholipia ndicho kinachokuchagulia ukumbi wa kulia. Katika hoteli tumezoea kuwaona wa chumba cha bei nafuu na wa chumba cha bei kubwa wakikutana asubuhi mbele ya chai ileile. Humu sivyo. Abiria wengi zaidi hula katika ukumbi wa Britannia, ukumbi mkubwa uliopanda ghorofa kadhaa, wenye ngazi za kushuka kwa madaha na pazia kubwa la kufumwa, kazi ya msanii wa Uholanzi Barbara Broekman. Wenye vyumba vya juu kidogo wana Britannia Club, na wenye vyumba vikubwa wanakula katika Princess Grill au Queens Grill, ambako meza ni yako safari nzima, unafika saa unayopenda ilimradi ukumbi uko wazi, na kwenye Queens Grill unaweza hata kuomba kitu kisichoandikwa kwenye menyu. Kwenye Britannia unapewa zamu: ya kwanza huanza karibu na saa 12 jioni, ya pili karibu na saa 2 na nusu usiku.

Nikitazama kwa jicho la mpishi, tofauti kubwa baina ya kumbi hizi haimo katika ubora wa nyama au samaki. Imo katika idadi ya midomo inayosubiri mpishi mmoja. Sahani inayopikwa kwa ajili ya meza chache inaweza kuonjwa, kurekebishwa na kupelekwa ikiwa na moto, lakini sahani inayotoka pamoja na mamia ya nyingine lazima ipangwe mapema na ifuate mpango. Hata hivyo Britannia inatosha kabisa, na simshauri mtu akope pesa ili ale Queens Grill. Pesa hizo afadhali azitumie kulala Southampton usiku mmoja kabla ya safari, ili sanduku lililochelewa kati ya uwanja wetu wa ndege wa Luano, Addis Ababa na London lipate nafasi ya kumfikia.

Kuhusu zamu nina neno moja kwa wenye kisukari. Meli inapoelekea New York, tofauti ya saa 5 iliyopo baina ya Uingereza na pwani ile ya Marekani hugawanywa njiani, saa zikirudishwa nyuma saa moja moja, kwa hiyo siku kadhaa za safari zina saa 25. Inaonekana kuwa zawadi, nayo ni zawadi kwa anayependa usingizi, lakini anayejidunga insulini kabla ya mlo anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kuondoka Lubumbashi, achague zamu ya kwanza, na awe na kitu cha kutafuna chumbani.

Sasa mavazi, ambayo ndiyo yanayoleta maswali mengi zaidi. Mchana kila mtu huvaa apendavyo kwa heshima. Kuanzia saa 12 jioni, katika kumbi nyingi, kaptura na fulana za mazoezi hazina nafasi tena, na wanaume huvaa shati lenye kola na suruali nzuri, koti likiongezwa likapendeza. Kisha kuna usiku wa gala, ambao katika safari ya usiku 7 kwa kawaida huwa mara 2. Siku hizo mwanamume anatakiwa avae koti la jioni au suti ya rangi ya giza, pamoja na tai ya kipepeo au tai ya kawaida, na mwanamke avae gauni la jioni, gauni la koktele, au suti ya suruali iliyoshonwa vizuri. Usiku huo huwa na jina lake, kwa mfano wa nyeusi na nyeupe, wa barakoa, au wa nyekundu na dhahabu. Kufuata rangi ni hiari yako, lakini kuvaa rasmi si hiari.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, mama zangu. Kampuni inakubali mavazi rasmi ya kitaifa usiku wa gala. Maana yake ni kwamba hauhitaji kununua gauni la jioni Ulaya kwa bei ya kuumiza. Kikwembe kizuri cha waksi, kilichoshonwa na fundi wa mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya kikawa gauni refu lenye mikono iliyosimama, kinakubalika kikamilifu, na machapa ya nyeusi na nyeupe tunayo tele sokoni. Kwa baba zetu nashauri suti ya giza, kwa kuwa haina mjadala. Najua wapo wazee ambao bado wana abacost kabatini, vazi tulilovalishwa Mobutu alipokataza tai, hadi alipoiruhusu tena mwaka 1990, nao wanalivaa kwa fahari. Ni vazi rasmi lenye historia yetu, lakini kwa kuwa halina tai, mwandikie wakala wako na upate jibu la maandishi kabla ya kulitegemea mlangoni.

Wapo watazamaji wanaoiona sheria hii kuwa ni kiburi cha Waingereza. Sikubaliani nao. Sisi wenyewe hatumruhusu mtu aingie kwenye harusi ya mtoto wetu akiwa amevaa kandambili, na hatuoni kuwa tumemdharau. Anayechoka na tai anaweza kula kwenye bufe ya Kings Court au kwenye baa ya Golden Lion, au akaletewa chakula chumbani, ila ajue kwamba usiku wa gala sehemu kubwa ya starehe za meli inakuwa upande wa waliovaa. Kama jambo hilo linakukera kweli, usinunue safari hii. Kampuni ya Oceania haidai koti wala tai katika ukumbi wowote, na Viking haina usiku wa gala kabisa. Huko utakula vizuri ukiwa na shati lako tu.

Jambo dogo: pasi za kunyooshea nguo haziruhusiwi vyumbani kwa hofu ya moto, lakini kuna vyumba vya kufulia na kunyooshea ambavyo abiria hujihudumia wenyewe. Pia visigino virefu sana si rafiki wa Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi, bahari inapochafuka.

Nije kwenye miiko ya chakula, ambayo kwangu ndiyo kipimo cha kweli cha jiko. Yaya wangu ana siliaki, ugonjwa ambao gluteni ya ngano, shayiri na rai huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Hapa nyumbani haumsumbui sana, kwa sababu bukari, yaani ugali, ya mahindi au ya muhogo haina gluteni, sombe ya majani ya muhogo haina, na samaki aliyechomwa hana. Matatizo huanza anapokaribia meza ya Kizungu, kwa kuwa ngano haimo kwenye mkate peke yake: imo kwenye mchuzi uliokazwa kwa unga, kwenye supu laini, kwenye sosi ya soya, na kwenye samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa. Kanuni za kimataifa huruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni kikiwa na gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, na kiasi hicho ni kidogo mno. Kukoroga sufuria mbili kwa mwiko mmoja kunaweza kutosha kukivuka.

Kwa hiyo cha kufanya ni kuandika. Mjulishe wakala au kampuni wakati wa kuhifadhi nafasi, tena kwa maandishi, ukitaja ugonjwa kwa jina lake na vyakula unavyokatazwa. Usiandike tu kwamba hupendi mkate. Jiko la meli hununua na kupakia kila kitu bandarini kabla ya kuondoka, na katikati ya Atlantiki hakuna duka la kumtuma kijana akanunue unga maalumu. Ukishapanda, siku ileile ya kwanza, mwone mhudumu mkuu wa ukumbi wako na uhakikishe kwamba taarifa yako imemfikia. Katika meli za daraja hili, desturi nzuri ni mwenye mwiko kuletewa menyu ya kesho jioni ya leo, akachagua, na jiko likamwandalia sahani yake peke yake. Desturi hiyo naisifu kwa moyo wote. Hata mimi, katika harusi za watu wengi, nimeanza kuwaomba wenye shughuli waniletee majina ya wagonjwa mapema.

Sehemu ya hatari ni bufe. Vijiko huhama kutoka bakuli moja hadi jingine, makombo ya mkate huanguka kwenye jibini, na mafuta ya kukaangia mara nyingi ni yaleyale. Mwenye siliaki, au mwenye mzio mkali wa karanga au wa viumbe wa baharini wenye gamba gumu kama kamba na kaa, ale ukumbini akihudumiwa, bufe aiachie familia yake.

Kwa ndugu zangu Waadventista na Wakimbanguisti, nguruwe hupatikana mahali msipomtarajia: kwenye vipande vidogo ndani ya supu, na kwenye jelatini inayokaza vitindamlo. Usiku wa gala menyu hupenda kamba mkubwa wa baharini, kwa hiyo Mwadventista na aagize mapema samaki mwenye magamba na mapezi. Mvinyo nao hupikiwa kwenye michuzi, na kuchemka hakuuondoi wote. Kwa ndugu Waislamu, swali la kuuliza ni hili: nyama yenyewe ina cheti cha halali, au mnaniondolea nguruwe na pombe tu? Majibu hayo mawili ni tofauti sana, na kampuni hutofautiana. Jibu likiwa la pili, samaki na mboga vitakutosha bila wasiwasi, mradi umetaja pia suala la mvinyo. Milo ya kosheri, inayofuata sheria za Kiyahudi, kwa kawaida huja imefungwa kutoka nchi kavu, ndiyo maana nayo huagizwa mapema sana.

Mwenye shinikizo la damu aombe mchuzi uletwe kando, kwa kuwa chumvi nyingi imo humo, na hakuna mhudumu atakayeshangaa.

Swali la mwisho lililonifikia lilitoka kwa mama mmoja wa Katuba anayetaka kubeba unga wa bukari na vinkubala, wale viwavi tunaowala. Mama yangu, kwa kawaida jiko la meli halipiki chakula kilicholetwa na abiria, kwa sababu za usafi, na ukishuka New York utatakiwa kutangaza kila chakula ulichobeba mbele ya maafisa wa forodha, ambao wanaweza kukichukua. Badala yake, mwombe mhudumu mkuu akuandalie polenta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji, na umwambie waziwazi kwamba unaitaka ngumu, isiyo na jibini wala maziwa, pamoja na samaki wa kuchomwa na mboga za majani. Mwambie jioni ya leo, nawe uletewe kesho.