Simbilisi wako: umkatie bima au uweke akiba?

Simbilisi huishi miaka 5 hadi 8 hivi, na ni hodari wa kuficha maradhi. Jioni anatafuna nyasi, asubuhi unamkuta kajikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi hakuna. Asipokula siku nzima tu, utumbo unaweza kusimama. Hapo hubishani bei na daktari.

Bima inafaa kwa balaa la namna hiyo: eksirei, kulazwa, upasuaji wa mawe ya kibofu. Ila usome mkataba mpaka herufi ndogo. Ugonjwa uliokuwepo kabla kwa kawaida haulipiwi, kuna kipindi cha kusubiri, na mara nyingi sehemu ya gharama utaitoa mfukoni. Meno ndiyo mtego. Ya simbilisi huota maisha yote, na yakianza kupinda atarudi kukatwa tena na tena. Ipo mikataba inayoyaacha nje kabisa.

Kibubu hakina masharti. Meno, kucha, vitamini C (mwili wake hauitengenezi, kama sisi), vyote ruksa, na asipougua pesa ni yako. Kasoro yake ni moja, nayo ni nzito: akiugua mwezi wa pili tangu uanze kuweka, utavunja kibubu ukute sarafu.

Halafu simbilisi hafugwi peke yake. Wawili ni ada mbili za bima, kibubu ni kimoja. Mimi ningeweka akiba, mradi gharama ya upasuaji mmoja naweza kuipata leo hii. Kama huwezi, kata bima angali mzima.