Nilipima DNA nijue asili ya jina la Mabula: uzoefu wangu

Hapa Dodoma nikitaja majina yangu matatu, swali huwa lilelile: "Wewe Msukuma?" Najibu ni Mgogo, nasalimia kwa mbukwenyi, na bado mtu ananitazama kana kwamba kuna kitu namficha. Jina letu la ukoo ni Mabula. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi mbula ni mvua, na Mabula ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua. Sisi Wagogo mvua tunaiita mvula. Jina lilitoka upande wa pili, na nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake namna lilivyotufikia.

Maelezo niliyokulia ni kwamba sisi ni "Wanyamwezi wa reli". Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na mzee wetu, babu yake babu, eti alikuja na kazi hiyo akaoa Ugogo akabaki. Tuliamini kwa sababu inaaminika. Hata kabla ya reli Wanyamwezi walipita Ugogo kwa vizazi wakiwa wapagazi wa misafara kati ya pwani na Tabora, na watemi wetu waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wapite na kunywesha. Wengine walibaki.

Mwaka 2024 nilikuwa Uingereza kwa kozi ya miezi minne, na huko vipimo vya asili vinauzwa mtandaoni kama vitabu. Nililipa pauni 79. Kampuni siitaji, maana nina malalamiko nayo na sikusudii kugombana na mtu. Niseme mapema kwa wanaotaka kuagiza wakiwa nyumbani: Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni huko kwanza kabla ya kutuma mate ya mtu nje ya nchi. Mimi nilipimia kulekule nilikonunua.

Kabla sijafungua kiboksi nilimpigia baba kumwomba ruhusa. Nashauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu mate yako yana habari za watu wengine ambao hawakuulizwa. Baba alinyamaza kidogo, akasema, "Pima, lakini utakachokikuta uniambie mimi kwanza." Kaka yangu hakupenda kabisa, na hadi leo hapendi.

Upimaji wenyewe ni mwepisi. Nusu saa kabla huli, hunywi, hupigi mswaki wala hutafuni bazoka. Kisha unatema mate kwenye kichupa hadi yafike kwenye mstari. Mstari uko chini sana ukiutazama, ila povu halihesabiwi, na mimi mdomo ulinikauka nikakaa na kile kichupa karibu dakika ishirini. Unafunga kifuniko chenye dawa, unatikisa, unaposti. Wiki tano baadaye nikaandikiwa kwamba sampuli haikutosha, nirudie. Kichupa cha pili hawakunitoza, lakini maelezo hawakunipa, na barua pepe zangu mbili hazikujibiwa. Majibu yalifika wiki moja kabla sijarudi nyumbani.

Yalikuwa na sehemu tatu, na thamani zake hazilingani.

Ya kwanza ni asilimia, zile watu wanazopenda kuonyeshana. Sehemu kubwa waliniwekea kwenye fungu pana la Afrika Mashariki, kipande kikaenda Pembe ya Afrika, na vipande vidogo huku na huku. Nilitafuta neno Gogo sikuliona. Nyamwezi halikuwepo, Sandawe halikuwepo. Sababu inaeleweka ukijua wanavyofanya: wanalinganisha DNA yako na ya kundi la watu ambao asili yao imeshaorodheshwa, na ambako hawana watu wa kutosha wanakubandika kwa jirani aliye karibu. Miezi sita baadaye waliboresha hesabu zao, kipande changu cha Pembe ya Afrika kikapungua karibu nusu. Damu yangu haikubadilika. Orodha yao ndiyo iliyobadilika. Mtu asijenge ukoo juu ya asilimia hizo.

Na inauma, kwa sababu Tanzania ya kati ni mahali pa pekee kwa mambo haya. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa na Chemba, ukiendelea Singida na Manyara, unakutana na Wagogo na Warangi wanaosema lugha za Kibantu, Waburunge na Wairaki wa Kikushi, Wadatoga na Wamasai wa Kiniloti, na Wasandawe wenye lugha ya vidoko. Wataalamu wanalijua hilo. Sarah Tishkoff na wenzake walikusanya sampuli nyingi Tanzania, na mwaka 2007 walichapisha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa ulijitokeza Afrika Mashariki kwa mabadiliko ya kinasaba tofauti na yale ya Ulaya. Hapa kwetu maziwa ya mgando ni mboga, kwa hiyo nilisoma habari hiyo mara mbili. Sayansi ipo. Bidhaa ya kuuza ndiyo iliyobaki nyuma.

Sehemu ya pili ilikuwa ukurasa wa "asili ya jina lako". Niliandika Mabula, ukaniletea ramani ya Marekani na hesabu ya familia chache zilizoandikwa kwenye sensa za huko. Basi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huduma hii imetengenezwa kwa watu ambao majina yao yanatembea kwa namna nyingine. Uingereza jina la ukoo hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto kwa mamia ya miaka, na kromosomu Y, kipande cha DNA walicho nacho wanaume tu, nayo hushuka njia hiyohiyo, baba kwa mwana wa kiume. Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford alipima wanaume wenye jina lake la Sykes waliochaguliwa bila kujuana, na karibu nusu walikuwa na kromosomu Y ya aina moja, dalili kwamba walitokana na mzee mmoja. Sisi jina la tatu kwa kawaida ni la babu. Mwanangu akiandikwa kwa desturi hiyo, la mwisho lake linakuwa la baba yangu, na Mabula linapotea. Kwetu liliganda kwa sababu tu babu alipoandikishwa shule ya misheni, mwalimu alihitaji jina la mzee wa kaya, akaandika hilo, na vyeti vyote vilivyofuata vikalinakili. Ukoo wenyewe Wagogo tunauita mbeyu, yaani mbegu, una miziro yake, yaani miiko, na historia ya ulikotoka, na hakuna cheti hata kimoja kinachouandika.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonifanya nisijutie zile pauni 79. Waliniandikia tawi la kromosomu yangu ya Y, yaani kundi la wanaume waliotokana na mzee mmoja wa kale: E-M293.

Kwa Wanyamwezi na Wabantu wengine kwa jumla, tawi linaloonekana zaidi ni E-M2, lile linalohusishwa na kuenea kwa lugha za Kibantu. E-M293 ina habari nyingine. Mwaka 2008 Brenna Henn na wenzake walionyesha kwamba tawi hili linafuata nyayo za wafugaji wa kale waliotoka Afrika Mashariki, wakapitia Tanzania, hadi kusini mwa Afrika, na katika watu waliopimwa Tanzania lilionekana kwa wingi kwa Wadatoga. Sasa angalieni vizuri: linapatikana pia kwa watu wa lugha nyingine, Wabantu wakiwemo, kwa kuwa watu wameoana hapa kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo haliniambii mimi ni Mdatoga, wala halimkatai Mnyamwezi mmoja mmoja. Lakini liliitikisa hadithi ya reli kiasi cha kunifanya nipande gari.

Nilimwambia baba kwanza, kama alivyotaka. Akasema, "Nenda Kintinku kwa shangazi yangu. Kuna jambo alitaka kulisema msibani kwa babu yako, wakamkatiza."

Bibi yetu huyo alizaliwa mwaka 1942 na ndiye mjukuu pekee wa mzee Mabula aliye hai. Nilimkuta kivulini anapepeta uwele. "Mume wangu amekuja," akasema, kama anavyotuita wajukuu wote wa kiume, akaniamuru nile kwanza. Ugali wa uwele, mlenda wenye karanga. Nilipomaliza nilimweleza kwamba nimepima mate, na majibu yanaelekeza upande wa wafugaji. Hakushangaa. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, akauweka chini.

"Mabula hakuwa baba wa baba yangu," alisema. "Mabula alimwokota."

Ilikuwa wakati wa Mtunya. Wasomaji wa Dodoma mtakuwa mmelisikia neno hilo kwa wazee: njaa kuu ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosa. Watu walikufa njiani. Watoto walikabidhiwa kwa wenye chakula ili wapone. Mabula, Mnyamwezi kweli, mtu wa kazi ya reli, alimkuta mtoto wa kiume wa miaka kama sita karibu na stesheni, peke yake. Alipomuuliza jina, mtoto alisema neno moja ambalo Mabula na mkewe Mgogo hawakulielewa, akalirudia, akalia. Wakamwita mtoto wa Mabula. Watu wa pale walisema katoka upande wa Wataturu. Wataturu ni Wadatoga.

Bibi alilijaribu lile neno kama baba yake alivyomsimulia. Alilisema mara tatu, kila mara tofauti kidogo, akaacha. "Limenitoka, mume wangu. Lilikuwa na ng'o ya kooni."

Muziro wetu wa kutokula moyo wa ng'ombe, ambao mama alitufundisha kwa ukali, ni wa ukoo wa yule mke wa Mabula. Ndiye aliyemlea.

Sasa tathmini, kwa anayetaka kuamua. Kipimo cha Y nakipa nyota nne, kwa sababu kiliuliza swali ambalo familia ilikuwa imeliacha kwa miaka mia. Asilimia nazipa mbili. Ukurasa wa majina, kwa mtu wa kwetu, hauna kitu. Huduma kwa mteja ni mbovu. Kama wewe ni mwanamke, Y huna. Utahitaji kaka au baba akupimie, na utakachokipata kwako mwenyewe ni mstari wa mama kwa mama, ambao kwa swali la jina la ukoo hausaidii. Na fikiria usiri kwa uzito: mwaka 2023 taarifa za mamilioni ya wateja wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo hivi, zilidukuliwa, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mufilisi mahakamani, watu wakabaki wakiuliza mate yao yatakuwa mali ya nani. Niliposoma hivyo niliingia kwenye akaunti yangu, nikapakua faili langu, nikaomba kampuni yangu ifute taarifa na kuteketeza sampuli. Hilo walilijibu siku ya tatu.

Nilimrekodi Bibi kwa simu, kwa idhini yake, dakika 47. Baba amezisikiliza zote bila kusimamisha, kisha akaniomba nirudishe pale anapojaribu lile neno. Mwezi ujao tunakwenda wote wawili Kintinku, na tumepata mzee mmoja Mtaturu aliyekubali kuja kukaa na Bibi amsikilize akilitamka.