Prosesa ya elfu thelathini na herufi T

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, mtumba wa Kariakoo, ilikuja na prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya Intel Core i3-3220. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off. Sherehe ya saa moja nikishaiweka itoke kama faili moja la video, naoga, nakula, nasinzia kidogo, nikirudi bado iko asilimia arobaini. Mashine mpya sina ubavu nayo, nikaona nibadilishe prosesa tu.

Soketi yake, yaani kitako prosesa inapokaa, ni aina ya LGA 1155, kwa hiyo nilijua natafuta Core ya kizazi cha pili au cha tatu. Ya kizazi cha nne haikai. Duka la kwanza, kijana akanitolea kopo la biskuti limejaa prosesa, akachagua moja iliyogandiwa na pesti kavu (ile ya kupitishia joto la prosesa), akanionyesha kwa ukucha: i5-3470. Elfu thelathini. Nikalipa nikijua nimepata kori nne, yaani vichwa vinne vya kugawana kazi ndani ya chipu moja.

Nyumbani nikaifunga, Windows ikaniambia kori mbili. Nikafungua tena, nikafuta ile pesti kwa pamba na spiriti, na herufi iliyokuwa imejificha ikajitokeza: i5-3470T. Hiyo T ndiyo balaa lenyewe. Ni toleo la kula umeme kidogo, wati 35, kori mbili, idadi ileile ya i3 niliyoichomoa. Niliporudi dukani kijana akaniuliza, "Kaka, si nilikwambia i5? Hii siyo i5?" Nikakosa jibu.

Duka la pili nilikwenda na spiriti yangu mfukoni. Nikapata i7-3770 kwa elfu sabini: kori nne kweli, na Windows inaziona kama nane. Kuiweka nilibana pumzi, maana kwenye soketi hizi vipini viko upande wa madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na kikipinda kimoja utalia. Pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, basi. Ikawaka.

Video sasa inatoka kwa karibu nusu ya muda wa zamani. Kuwaka na kufungua programu sijaona tofauti; hiyo kazi SSD (diski isiyozunguka) ilishaifanya mwaka jana, na kama bado una diski ya kuzunguka, anza kwa kuweka SSD. Joto la mchana feni inavuma kama mashine ya kusaga. Windows 11 nayo haiitaki prosesa ya kizazi cha tatu, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine hii siiongezei tena hata mia.

Ile 3470T iko kwenye droo. Anayeitaka nampa kwa elfu kumi na tano, na T nitamwonyesha mwenyewe.