Batman wa Karatasi au wa Kwenye Skrini? The Dark Knight Returns, Sehemu ya Kwanza

Oya wanangu, karibuni tena. Mkiniona na koti ndani ya nyumba msicheke, hii Juni ya Mbeya watu wa Dar hamuijui. Twende kazi.

Mkononi nina The Dark Knight Returns ya Frank Miller, komiki ya 1986. Batman kazeeka, kastaafu, anarudi mtaani, hadithi mnaijua. Muvi yake ya katuni kaiongoza Jay Oliva, ikatoka vipande viwili, 2012 na 2013. Sasa kuna wenzangu wa chaneli nyingine wanawaambia eti ukishaona muvi, kitabu cha nini. Jamani! Ngoja niwaoneshe kitu kimoja tu.

Sogea hapa. Huu ukurasa una vifremu vidogo vidogo, maneno hakuna. Bruce, yaani Batman mwenyewe bila kinyago, anakumbuka usiku wazazi wake walipouawa. Fuata kidole changu. Bastola hii hapa. Kidole kinabonyeza. Ganda la risasi linaruka. Mkono wa baba uliomshika mtoto unalegea, unaachia. Halafu bastola inahamia kwa mama, inanasa kwenye mkufu wa lulu… unaona? Mkufu umejiviringisha kwenye bastola! Unavutika, unakatika, lulu zinatawanyika. Hamna "paa", hamna yowe. Na mwendo unaupanga mwenyewe. Mimi hapa naganda mpaka chai inapoa.

Kwenye muvi lulu zipo, muziki upo, tukio linapita. Zuri, sikatai. Ila limeshapita.

Kinachoniudhi kabisa ni hiki: kitabuni Batman anaongea na nafsi yake kurasa kwa kurasa. Anayasikilizia maumivu ya uzee, na bado kazi anaifurahia, yaani unamwogopa. Muvi imeyaondoa yote hayo. Wamemchukua Peter Weller, yule wa RoboCop, sauti nzito ya kizee, halafu wanamnyima maneno! Unamleta fundi halafu unamfichia nyundo?

Haya, nisiwe mchoyo. Pigano la matopeni na kiongozi wa Mutants, lile genge la wahuni, muvi imelitendea haki, ngumi zina uzito. Na wale watangazaji wa TV, kitabuni maandishi yao ni madogo mno, taa ikiwa hafifu macho yanauma. Kwenye muvi unawasikia tu, wanachekesha kweli. Hapo mpaka nilianza kuyumba.

Na nyie wa Marvel mnaoandika "leta Spider-Man" kila video, nimewasikia. Video ya Into the Spider-Verse, ile muvi yake ya katuni, inakuja. Ile ya 2018 ina vidoti, ina fremu, haioni aibu kwamba imetoka kwenye komiki. Hii ya Batman imepiga pasi kila kitu, hata zile rangi za Lynn Varley, aliyekipaka kitabu rangi, zimepauka.

Bei sasa. Nakala yangu ni mtumba, niliichomoa kwenye rundo la vitabu pale Mwanjelwa kwa elfu nane, jalada limechanika. Mpya ukiagiza nje, ukijumlisha na usafiri mpaka huku, itakuuma. Kwa hiyo mwanachuo wa MUST, chuo chetu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, anza na muvi, sikulaumu. Ila ukikikuta kitabu, usiondoke bila kuufungua huo ukurasa wa lulu.

Sehemu ya pili, yenye Superman, naipandisha wiki ijayo umeme ukikubali. Hujasabskraibu unasubiri nini? Na nyie wa Iringa mnaoniomba niwaazime kitabu: hapana.