Kamera ya kufunga kwenye roboti ya kukata majani: nunua ipi, acha ipi

Wakuu, mwezi wa pili mvua zimekolea, mimi niko Uyole, hapa Mbeya, najipumzikia, simu inaita. Ni mjomba. Yeye yuko Tunduma kwenye biashara zake na kwake pale mtaa wa Forest ana ile roboti ya kukata majani aliyoletewa na mwanae kutoka Ujerumani, ile ya kuzikiwa waya kuzunguka uwanja. "Mjomba, hebu pita nyumbani uniangalizie ile mashine, kwenye simu haionekani kabisa." Nikachukua daladala, nikashuka, nikakanyaga tope, nafika nimelowa mpaka soksi, mashine imesimama katikati ya ukoka haina kosa lolote. Umeme tu ulikatika. Umeme ukikatika ule waya chini unakosa mawimbi, na ukikosa mawimbi roboti inasimama palepale ilipo kama punda aliyegoma, na ruta ya ndani nayo imezima kwa hiyo mwenye mashine haoni kitu. Nauli yangu bure.

Ndo tukaanza kutafuta kamera ya kuifunga juu yake, na baada ya kujaribu vitu vitano vya kwetu na vya kuazima, nawapangia hapa kuanzia cha kununua kwanza mpaka cha kukimbia. Kigezo changu kikubwa kimetoka kwenye siku ile ile: je, umeme ukikatika, hiyo kamera bado inaona?

Kabla hujatoa hela

Kila mtu anaanza na megapikseli. Uliza gramu kwanza. Hizi roboti nyingi ganda lake la juu linachezacheza makusudi kabisa, maana ndo zinavyojua zimegonga kitu au zimenyanyuliwa, ganda likisogea sensa inaona na mashine inageuza au visu vinasimama. Sasa we ukibandika mzigo pale juu, hasa mbele kabisa au pembeni, mashine inaanza kuhisi imegonga mti kila dakika mbili wakati iko peke yake uwanjani. Au mbaya zaidi, ile sensa ya kunyanyuliwa inachelewa kushtuka siku mtoto akiiinua. Vile visu ni vidogo kama wembe lakini vinazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, hapo usilete utani.

Jaribio langu ni la sukari. Angalia uzito wa kamera unayoitaka, nenda kwa mangi akupimie sukari ya uzito huo, itie kwenye soksi (safi jamani), ibandike kwa tepu pale utakapoweka kamera, halafu acha mashine ifanye kazi nusu saa na uiamrishe irudi yenyewe kwenye chaji. Ikilalamika na sukari itakuja kulalamika na kamera, na utakuwa umeokoa hela. Sukari yetu ilirudi jikoni ikanywewa chai, shangazi hajui mpaka leo.

Mahali pa kufunga ni katikati, karibu na yale matairi makubwa ya nyuma, chini uwezavyo. Usifunike kitufe chekundu cha STOP hata robo yake. Usiweke kwenye pua, maana kwenye mashine nyingi pua ndo inaingia kwenye kituo cha chaji, na kama yako ni ya kutumia GPS badala ya waya usiikalie antena. Na usitoboe ganda kwa drili, maji yataingia na waranti ndo basi tena.

Namba moja: simu kuukuu

Najua mlitegemea nitaje kitu cha maana zaidi. Lakini simu ina betri yake na laini yake, na hivo viwili ndo vinavyoibeba: umeme ukikata, ruta ikizima, roboti ikigoma, simu bado iko hewani kwa bando lake na unaona kabisa mashine iko wapi na imekwama au imesimama tu. Hakuna nyingine kwenye orodha hii inayofanya hivo bila kuiongezea makorokoro.

Yetu niliipata Mwanjelwa kwa elfu 60, kioo kimepasuka kona lakini kamera ya nyuma safi. Ukienda kununua fanya hivi: ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, mgongo umetuna, maana yake betri imevimba, iache hapohapo hata akikushushia bei. Kisha iwashe mpaka mwisho, ikikuomba akaunti ya Google ya mtu usiyemjua mrudishie mwenyewe. Dai risiti, maana simu ya wizi ikikutwa juu ya roboti yako utaeleza nini.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawasemi: epuka simu ambayo kamera yake ina ile lenzi inayoelea ya kutuliza picha. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye mfumo huo. Roboti haitetemi kama bodaboda, ila inatetema masaa mengi kila siku, na simu ya bei ya chini isiyo na huo mfumo inakuwa salama zaidi, yaani kwa mara moja umaskini una faida.

Programu za kuigeuza simu kuwa kamera zipo, IP Webcam na Alfred ndo tulizotumia. Alfred ni rahisi ukiwa mbali, IP Webcam nzuri kama mko kwenye waifai moja. Piga hesabu ya bando lakini: video ikitumwa kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula kama MB 450 kwa saa. Mjomba wiki ya kwanza aliiacha wazi kutwa nzima akiiangalia kama mpira, bando la mwezi likaisha siku ya nne. Sa hivi anafungua dakika mbili anafunga.

Kuifunga: nilikata vipande viwili vya ndala iliyokufa, kile kisigino kinene, nikaviweka chini ya simu vimeze mtetemo, halafu nikaibana kwa mipira ya tyubu ya baiskeli mpaka kwenye kishikio cha mashine. Bila ile ndala picha inayumba kama jeli, na ndala ni bure. Simu isimame kwa ubavu wake mrefu, lenzi itazame mbele na juu kidogo, ukiielekeza sawa na ardhi utaangalia majani tu sinema nzima. Mvua ikiwa ya manyunyu tunaivisha kontena la plastiki la chakula lenye uwazi upande wa lenzi, ndani tunatupia vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu maana bila hivo kinaota ukungu. Mvua kubwa tunaitoa, na roboti yenyewe ipumzike.

Ubaya wake: nzito, gramu 170 mpaka 200, kwa hiyo sukari kwanza. Na kila jioni lazima mtu aitoe akaichaji. Ikichajiwa usiiache chini ya godoro.

Namba mbili: vikamera vya action

Ni vile vidogo vigumu vya kurekodia michezo na safari. Hivi ni kwa mwenye kutaka video nzuri ya kuweka mtandaoni, au mwenye lodge anayetaka kuonyesha uwanja wake. Kwa kuangalia ukiwa Tunduma havikusaidii, vinarekodi tu kwenye memori na kuona kwenye simu ni mpaka usimame karibu. Kwa roboti ningechukua kadogo kuliko kakubwa: Insta360 GO 3 ya 2023 ina gramu 35 tu, ina sumaku, na inavumilia maji mpaka mita 5, kwa hiyo mvua ya Tukuyu haiitishi. Ikiwa peke yake bila kile kiboksi chake betri ni kama dakika 45. GoPro HERO12 Black ni gramu 154, maji mita 10, picha kali kweli, ila kwa uzito huo unarudi kulekule kwa simu na bei ni mbingu na ardhi.

Kuna zile za kwenye meza za mtaani zimeandikwa 4K kwa bei ya kilo chache za nyama. Rekodi dakika moja palepale, vuta picha ukasome namba ya bajaji iliyo ng'ambo ya barabara. Zinavimbisha picha ndogo tu ionekane kubwa.

Namba tatu: Raspberry Pi Zero 2 W

Hii ni kompyuta nzima ya milimita 65 kwa 30, ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 15 huko kwao, unaiongezea kamera, mfano Camera Module 3 ya dola 25 yenye megapikseli 12. Kwa Mbeya ongeza nauli, ushuru na subira. Inafanya mambo makubwa, inaweza kutambua kuku au kukupigia picha kila dakika tano. Nyepesi sana. Lakini mimi naiweka ya tatu kwa sababu moja: haina betri yake, inakula pawabenki, na pawabenki ikiisha ghafla wakati inaandika, memori kadi inaharibika na unaanza upya kupakia kila kitu. Imenitokea mara mbili. Na ule waya bapa kama mkanda wa kuunganishia kamera, nunua ule mwembamba wa Zero, mkanda wa Pi kubwa hauingii, mimi nilikaa na kamera siku tisa naitazama tu nikisubiri mkanda.

Namba nne: ESP32-CAM

Vijana wa MUST, chuo chetu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga, watanichukia. Ndiyo, hii bodi ya elektroniki yenye waifai na kamera ni ya bei ya chini kuliko zote, ndogo kama kiberiti, uzito haupo, na kwa kujifunzia hakuna kama hii. Kamera yake ya OV2640 ni megapikseli 2. Shida ni umeme na waifai. Inataka volti 5 zilizotulia, zikishuka kidogo inajizima na kujiwasha, na pawabenki nyingine zikiona inakula kidogo zinadhani hakuna kitu kimechomekwa zinakata. Waifai ni ya GHz 2.4 tu na antena yake ni ule mchoro kwenye bodi, nyumba zetu za tofali za kuchoma ukienda nyuma ya nyumba imepotea. Kuna anayeshauri uchukue umeme kutoka betri ya roboti yenyewe, volti 18 au 20 uzishushe. Usifanye. Betri ile ina ulinzi wake, na ukikosea nyaya pale umeua mashine ya mamilioni kwa ajili ya kamera ya elfu ishirini na kitu.

Namba tano: CCTV ya betri

Kimbia. Imetengenezwa ilale mpaka kitu kipite mbele yake, sasa ukiipandisha kwenye kitu kinachotembea kila kitu kinapita, haipati usingizi, betri inakwisha upesi na simu yako inalia kengele kutwa. Halafu nzito.

Ila hiyohiyo CCTV ukiifunga ukutani chini ya bati, ikatazama uwanja kutoka juu, na uwanja wako ni mdogo, unaona wote, basi huhitaji kufunga chochote kwenye roboti. Wengi wenye viwanja vya Soweto na Mafiati hapa Mbeya ningewaambia hivo wakaendelea na maisha. Kamera ya juu ya roboti ni ya mwenye uwanja wenye kona, miti na nyuma ya nyumba.

Sasa hali ya hewa. Tukuyu chukua kitu cha kuvumilia maji au usichukue. Njombe na Makete asubuhi za mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka karibu na sifuri, betri ya simu inaonyesha asilimia 40 halafu inazima, na usiichaji ikiwa imepoa hivo, iingize ndani kwanza ipate joto. Popote pale lenzi inapakwa utomvu wa majani mabichi, ukikauka hautoki kwa kidole, kitambaa chenye maji ya vuguvugu kila baada ya siku mbili. Na ukiifuta zima mashine kwenye swichi kubwa kabla hujaigeuza, gloves mkononi.

Jirani wa mjomba, mama mmoja mtu mzima, alisimama kwenye uzio akauliza, "Baba, hiyo inatupiga picha na sisi?" Swali la haki, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Tukamwita akaangalia kwenye simu kinachoonekana, tukahamisha lenzi iangalie ndani.

Mwisho, ukiagiza Kariakoo ikaja na basi, fungua mzigo palepale ofisini kwao kabla hujasaini. Mimi nilifika nyumbani na kiboksi cha ESP32-CAM, nikafungua, bodi ipo, kamera hamna, na muuzaji akaniambia kamera inauzwa peke yake.